Tahariri: Tusimfiche daktari kwenye video



Leo tuna neno na familia zenye ndugu Birmingham, na tunajua ni nyingi. Tangu watu wetu walipotawanyika baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, si ajabu kukuta mama yuko Maskati, kaka yuko Dubai, na dada ameolewa Birmingham, anakaa Small Heath au Sparkbrook, watoto wanasoma huko huko. Ndege ya Emirates inatoka Dubai moja kwa moja mpaka Birmingham, na ujumbe wa WhatsApp haukatiki usiku na mchana. Basi ugonjwa wa mtu wa Birmingham ni ugonjwa wa nyumba nzima ya Maskati.

Neno lenyewe ni hili: daktari anapompima mgonjwa wa MS kwa njia ya video, aachiwe aone mguu ulivyo. Asipambiwe, asifichwe, wala asijibiwe na watu wa nyumbani. Na mgonjwa naye asikubali video peke yake iwe ndiyo kipimo chake mwaka baada ya mwaka.

MS, yaani multipo sklerosisi, ndio ule ugonjwa ambao madaktari wa huku kwetu wanauita kwa Kiarabu taswallub luwaihi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, inageuka na kushambulia utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Ni kama waya wa umeme uliochubuka: taa inawaka mara moja moja, mara inafifia, mara inazima. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu huko Paris mwaka 1868. Mara nyingi unaanza mtu akiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, na wanawake wanaoupata ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Uingereza peke yake ina wagonjwa zaidi ya 150,000. Zamani ulihesabiwa kuwa ni ugonjwa wa nchi za baridi, lakini tafiti za Kuwait, Qatar na Saudia za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba Ghuba nako wagonjwa wameongezeka. Si ugonjwa wa wengine tena.

Kinachowasumbua wengi ni mwendo. Mguu mmoja unaburuzika. Goti linalegea ghafla. Mkono unatetemeka ukishika kikombe. Mtu anapepesuka akigeuka, na anayemwona kwa mbali anaweza kumdhania vibaya. Misuli inakakamaa usiku. Joto likizidi, dalili zote zinapanda. Jambo hili liliandikwa na daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff tangu mwaka 1890. Ndiyo maana anayetembea vizuri Birmingham mwezi wa Aprili anaweza kufika Maskati mwezi wa Julai akashindwa kutoka uwanja wa ndege mpaka kwenye gari.

Sasa, mwendo huo unapimwaje? Kipimo kinachotumika zaidi duniani kilitengenezwa na daktari Mmarekani John Kurtzke, na sura yake ya sasa aliichapisha mwaka 1983. Kinaanza 0, maana yake uchunguzi haukuona kasoro, mpaka 10, maana yake mauti. Katikati hapo mwendo ndio unaoamua. Anayeweza kwenda kama mita 100 kwa bakora moja, na kupumzika njiani au bila ya kupumzika, yuko 6. Anayehitaji magongo mawili ili aende kama mita 20 yuko 6.5. Anayeshindwa kupita mita 5 hivi hata akisaidiwa, na siku yake kubwa ni kwenye kiti cha magurudumu, yuko 7.

Tunazitaja namba hizi kwa sababu si mchezo. Kabla ya mwaka 1993, ilipoidhinishwa interferoni beta huko Marekani, hapakuwa na dawa iliyoidhinishwa ya kupunguza mashambulizi ya MS. Leo ziko zaidi ya kumi. Katika kuamua dawa ipi apewe nani, lini ibadilishwe na lini isimamishwe, madaktari wanaangalia picha za MRI, wanaangalia mashambulizi, na wanaangalia namba hiyo ya mwendo. Namba ikiandikwa nzuri kuliko hali halisi, mgonjwa anaweza kukaa na dawa isiyomtosha huku ugonjwa unakula. Na kilichokwisha kuharibika katika mishipa ya fahamu, mara nyingi hakirudi.

Kipimo hiki zamani kilikuwa cha hospitali tu. Mgonjwa wa Small Heath anafunga safari mpaka Edgbaston, kwenye Hospitali ya Queen Elizabeth, mara nyingi kwa kubadilisha usafiri katikati ya mji, au mwanawe anaomba ruhusa kazini ampeleke kwa gari. Kwa mtu wa kawaida ni safari ndogo. Kwa mwenye MS, akifika pale nguvu zimekwisha, na siku ya pili yake yote ni ya kulala. Halafu corona ikaja. Mwaka 2020 hospitali za umma za Uingereza ziliingia kwenye miadi ya video kwa haraka ambayo hakuna aliyeitazamia. Corona ikapungua, video ikabaki.

Sisi hatuipingi video. Ina faida kubwa, na utafiti unaiunga mkono kwa kiasi chake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa wale wale kwa kipimo cha Kurtzke mara mbili, mara kliniki na mara kwa video wakiwa nyumbani. Kwa wengi alama zilikaribiana, ingawa si kwa wote wala si sawasawa. Na nyumbani daktari anaona mambo ambayo kliniki hayapo: ngazi nyembamba za nyumba za Birmingham, zulia linalonasa kidole, njia ya kwenda chooni.

Lakini mipaka yake nayo tuijue. Kwa video daktari hawezi kugonga goti kwa nyundo yake. Hawezi kuukunja mguu akajua misuli imekakamaa kiasi gani. Hawezi kujaribu kama unyayo unahisi mtikisiko. Na hiyo mita 100 ya bakora, katika sebule ya mita 4, utaipimia wapi? Asipoiona, itabidi aulize. Na hapo penye kuuliza ndipo tunapoharibu sisi.

Daktari anasema, habari za siku nyingi, unatembeaje? Mgonjwa wetu anajibu: alhamdulillah, sijambo, natembea. Hajasema uongo. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu haanzi kwa kulalamika, anaanza kwa kumshukuru Mola wake, na mzungumzaji mwenzake anajua kwamba baada ya hapo yako mengine. Mswahili akisema "sijambo, namshukuru Mungu" kwa sauti ya chini, sisi wenyewe tunaelewa kwamba huyu leo hali yake si nzuri. Daktari wa Birmingham haelewi. Anaandika: mgonjwa anasema anatembea vizuri. Miadi ya video ni fupi, na ikiisha imekwisha.

Kumshukuru Mungu hakuzuii kusema kweli. Mtu anaweza kusema: "Alhamdulillah kwa kila hali. Daktari, kabla ya Ramadhani nilikuwa nafika dukani bila ya kusimama. Sasa nasimama mara mbili, na wiki iliyopita nimeanguka chooni." Hilo ni jibu la mgonjwa mwenye imani, na ni jibu ambalo daktari anaweza kulifanyia kazi.

Jambo la pili ni sitara. Tunaliheshimu, na hatumwambii mtu aivue heshima yake mbele ya kamera. Lakini abaya ndefu mpaka chini inaficha hasa kile ambacho daktari anakitafuta: kifundo kinachopinda, kidole kinachokwaruza sakafu, goti linalorudi nyuma. Kanzu ya mwanamume nayo ni hivyo hivyo. Dawa yake ni nyepesi: suruali pana inayoishia juu kidogo ya kifundo, na viatu vya kufunga ambavyo mtu huvaa kila siku. Anayetaka daktari au muuguzi wa kike amwombe mapema, wakati wa kupanga miadi, si dakika ile kamera inawaka. Na masheikhe wetu wametufundisha zamani kwamba haja ya matibabu inaruhusu kile kinachohitajika kwa kiasi chake.

Jambo la tatu ndilo linalouma zaidi. Ugonjwa huu unaanza katika umri ule ule wa kuoa na kuolewa. Basi familia zinaficha. "Usiseme mwanangu, watu watakuacha." "Usimwambie mama mkwe." Fikiria bi harusi mgeni wa Birmingham, anakaa na wakwe zake, hakuna anayejua isipokuwa mume. Miadi ya video inafika saa nne asubuhi, nyumba imejaa. Atafanya nini? Atatoka na simu, aende akakae ndani ya gari. Na garini hakuna kutembea. Daktari ataona uso na mabega, atamuuliza maswali matano, ataandika alivyosikia. Mwaka utapita. Siri imehifadhika, na mguu umepotea.

Kwa wakwe wa aina hiyo tunasema waziwazi: mtoto wa watu akiogopa kuumwa mbele yenu, kosa si lake. MS haiambukizi, haikatazi ndoa, na wanawake wengi wenye MS wanazaa na kulea kwa kupanga dawa zao na madaktari wao. Kwa waume tunasema: siku ya miadi ni kazi yako kupata chumba na utulivu. Na kama nyumbani haiwezekani kabisa, basi mgonjwa aiambie kliniki kwamba nyumbani hana faragha, aombe kwenda mwenyewe. Hahitaji kueleza zaidi ya hapo.

Jambo la nne ni ulimi. Mara nyingi kijana wa nyumbani ndiye anayetafsiri. Mtoto wa miaka 15 anamtafsiria mama yake kwamba mkojo unamtoka? Mama hatosema, na mtoto hatouliza. Wakati mwingine mtoto mwenyewe anapunguza maneno kwa kumhurumia mama, au anajibu kabla mama hajafungua mdomo. Hospitali za umma za Uingereza zinatoa mkalimani bila ya malipo, na mkalimani anaweza kuingizwa kwenye video hiyo hiyo. Aombwe mapema, na itajwe lugha gani: Kiswahili, Kiarabu, au kile ambacho mgonjwa anakielewa akiwa amechoka. Kijana abaki na kazi yake, nayo si ndogo: kushika simu.

Maana anayeshika simu ndiye macho ya daktari. Haya ndiyo tunayopendekeza kila nyumba iyafanye:

Siku moja kabla, tafuteni njia iliyonyooka, korido au ua, isiyo na zulia wala viatu vya watoto. Pimeni urefu wake kwa futi ya fundi na muuandike. Kliniki nyingi duniani hutumia mwendo wa futi 25, yaani mita 7.6 hivi, kwa saa ya kuhesabia sekunde. Msipoipata ndani, ulizeni kliniki kama inafaa nje kwenye njia ya miguu, na siku ya mvua msijaribu.

Simu iwekwe usawa wa kiuno, ionyeshe mwili mzima kuanzia kichwa mpaka viatu, akienda na akirudi. Taa iwe mbele ya mgonjwa, dirisha lisiwe nyuma yake, la sivyo daktari ataona kivuli tu.

Mtu mzima mwenye nguvu asimame karibu, mkono tayari, lakini asimshike. Ukimshika umepima nguvu zako, si zake. Anayetembelea bakora aitumie bakora. Asiyeweza kutembea salama asilazimishwe kwa ajili ya kamera. Na anayekaa peke yake asijaribu vipimo vya kusimama akiwa hana mtu. Amwambie daktari hivyo, na daktari atamwelewa.

Andikeni katika karatasi mabadiliko ya miezi mitatu, na hapa swala inatusaidia. Lini ameanza kuswali kwenye kiti? Akitoka kwenye sijda, anashika nini? Akitia udhu, bado anaweza kuinua mguu mmoja kwenye beseni bila ya kuegemea ukuta? Hivi ni vipimo vya mizani na nguvu tunavyovifanya mara tano kwa siku. Mwambieni daktari kwa maneno ya kawaida, ataelewa.

Lipo na somo tulilolipenda kutoka kwa watafiti. Katika muongo uliopita kampuni za Microsoft na Novartis, pamoja na hospitali za Basel, Bern na Amsterdam, zilijaribu kuifundisha kompyuta ipime mwendo wa wagonjwa wa MS kwa kutumia Kinect, ile kamera ya mchezo wa Xbox. Wagonjwa waligusa pua kwa kidole, walinyoosha mikono, walitembea mbele ya kamera. Kinect yenyewe iliacha kutengenezwa mwaka 2017. Lakini kazi ile ilionyesha jambo moja lenye faida kwetu: madaktari wakiombwa kumpa kila mgonjwa alama yake kwa kutazama video, wanatofautiana, wakiwekewa video mbili na kuulizwa ipi ina hali nzito zaidi, wanapatana vizuri zaidi. Kwa maneno mengine, jicho la binadamu linaona vizuri zaidi linapolinganisha.

Basi mgonjwa akiridhia, mrekodini akitembea njia ile ile, kwa viatu vile vile, saa ile ile ya siku, kila baada ya miezi michache. Tarehe iandikwe. Daktari akiona ya Januari na ya Septemba kwa pamoja, ataona kile ambacho wenyewe mlikizoea mpaka mkaacha kukiona. Na video hiyo ni amana. Haiendi kwenye kundi la familia la WhatsApp, haiendi kwa shangazi wa Dubai, hata kama shangazi ana nia njema na anataka kuisomea dua. Dua inafika bila ya video.

Kwa wanaokwenda na kurudi, tahadhari moja. Usije likizo Maskati ukadhani daktari wako wa Birmingham atakuona kwa video kama kawaida. Daktari wa Uingereza anatakiwa kwanza aangalie kama sheria za nchi uliyopo zinamruhusu kumtibu mtu aliye huko, na wengi watakataa kwa haki. Njoo na nakala ya barua zako, picha za mwisho za MRI, orodha ya dawa na alama yako ya mwendo, ili daktari wa hapa akihitajika asianze kwenye giza.

Na hospitali nazo tuna neno nazo. Video isiwe njia ya kupunguza foleni kwa mgongo wa mgonjwa. Mwongozo wa taifa wa Uingereza juu ya MS, uliotolewa na NICE mwaka 2022, unasema kila mwenye MS afanyiwe mapitio kamili ya hali yake angalau mara moja kwa mwaka. Mapitio kamili ni pamoja na mwendo, mikono, macho, kibofu, uchovu na moyo wa mtu. Kwa mtu ambaye mwendo wake unabadilika, hatuoni vipi hayo yatakamilika kwa dakika chache za simu, bila ya mkono wa daktari kugusa mguu. Kliniki itume maelekezo ya maandalizi kabla ya siku, kwa lugha ya mgonjwa, na imuulize kwa dhati: unataka video au unataka kuja? Na mgonjwa akisema "nataka kuja", asihesabiwe kuwa ni msumbufu.

Mama zetu wa Maskati nao wana sehemu yao. Ukimpigia binti yako Birmingham, usimwambie tu "Mungu atakushusulia, usiwe na wasiwasi". Muulize: miadi yako ya daktari ni lini? Nani atakushikia simu? Mkalimani umemwomba? Na akianza kulia, usimkatishe kwa kumwambia ashukuru. Anashukuru tayari. Mwache aseme, ili na daktari naye apate kuambiwa.

Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote.